Nilijificha Juu, Nikasikika Chini

Sehemu ya Sita

Barua zenu nimezipata. Mmoja ameniandikia mstari mmoja tu: "Wewe Mwewe, huna haya?" Nimjibu hapahapa. Haya ninayo, tena tele. Ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Kwa anayeingia leo, nisimwache nje. Mimi ni dereva wa kreni. Nakaa kwenye kibanda cha vioo juu ya jengo linalojengwa, peke yangu, asubuhi mpaka jioni. Chini wananiita Mwewe kwa sababu wanaamini siogopi kitu. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Tuna miaka sita ya ndoa na hatujapata mtoto.

Miezi saba iliyopita nilikwenda kupima kimyakimya. Karatasi ikasema mbegu zangu ni chache, na hizo chache zenyewe ni goigoi. Nikaikunja mara nne, nikaisukumiza chini ya sponji ya kofia yangu ngumu ya kazini, nikarudi nyumbani.

"Daktari amesemaje?" mke wangu aliuliza.

"Mimi niko sawa."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Maneno yangu hayo matatu ndiyo yaliyomleta mama yangu. Kama mwana yuko sawa, basi mbovu anajulikana ni nani. Alikuja kukaa wiki moja. Sasa ni mwezi wa sita.

Na Jumanne, kama mlivyosoma na mkacheka, daktari alitaka kipimo kingine. Kwenye kile chumba cha hospitali nilishindwa, watu wanagonga mlango kila dakika. Nyumbani yupo mama. Basi kikombe nikapanda nacho kwenye kreni, mahali pekee duniani ambapo hakuna anayenigongea. Nikakizungushia soksi, nikakiteremsha kwa kamba ndani ya kikapu cha chakula. Shemeji yangu akakipokea, akakikimbiza maabara ng'ambo ya barabara, akijua ni mkojo wa kupima sukari.

Chekeni, mmalize. Leo nasimulia Ijumaa, na Ijumaa haikuchekesha.

*

Asubuhi nilikuta begi sebuleni.

Mama alikuwa amekaa kando yake, anakunywa chai taratibu, utadhani anangoja gari la harusi.

"Mama, hili nini?"

"Mkeo anakwenda kwao kupumzika. Tumekubaliana."

"Kupumzika na begi zima?"

"Atapumzika sana," mama alisema. "Mwanangu, mimi simfukuzi mtu. Lakini nyumba hii iko kimya mpaka nasikia bomba la jirani linavyodondosha maji. Miaka sita! Wewe mzima, una nguvu zako. Unamngoja nani?"

Mke wangu akatoka chumbani amevaa gauni lake la kijani. Hakuwa amelia. Ningemkuta analia ningejua la kufanya.

"Basi linaondoka saa tisa," alisema. "Nitapita kazini kwenu kumuaga mdogo wangu."

Mdogo wake ndiye huyo shemeji wa kikapu. Ni mfunga mizigo wetu. Yeye anafunga chini, mimi nanyanyua.

"Na mimi je?"

"Wewe utakuwa juu. Nitakupungia mkono."

Akanyanyua begi. Nikamfuata mpaka mlangoni. Nilijua ni sentensi moja tu. *Mwenye tatizo ni mimi.* Mtoto mdogo anaweza kuitamka.

"Mke wangu..."

Aliweka begi chini. Akanigeukia mzimamzima, akasubiri. Alisubiri vya kutosha.

"Hiyo zipu," nikasema. "Inaachia. Ifunge vizuri."

"Nimesikia," akasema.

Mimi huyo, nikaenda kazini.

*

Sasa nitoe jambo ambalo mpaka Ijumaa ile hakuna binadamu aliyelijua.

Mwewe anaogopa juu.

Ilianza miaka mitatu iliyopita, siku ya upepo. Kibanda kiliyumba na mimi ndani kwa nusu saa nzima, nikaona jiji lote likienda na kurudi chini ya miguu yangu. Niliposhuka, wenzangu walinipigia makofi. Walinipa jina la Mwewe siku hiyohiyo. Ningewaambiaje kwamba nilikuwa nimejikojolea?

Tangu hapo napanda nikiwa nimefumba macho. Ngazi ina vidato mia mbili na kumi na sita. Navihesabu kwa vidole. Nikifika, najifungia kibandani, natazama ndoano na mzigo, sitazami kingine. Jioni nahesabu tena kurudi chini.

Nimwambie nani? Nikimwambia msimamizi, kazi sina. Nikimwambia mke wangu, mume hana. Basi nakaa na hofu yangu mle ndani, tunakula pamoja mchana. Sauti pekee ninayoisikia ni ya redio ya upepo: pandisha, shusha, kushoto kidogo, hapohapo. Kuna siku napitisha saa nne nzima sijatamka neno zaidi ya "sawa."

Na kuhusu hiyo redio lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa balaa lenyewe.

Redio zetu zina kitufe kimoja. Ukikibana, unasikika kwa kila mtu mwenye redio pale kazini. Lakini ukiwa umekibana, wewe husikii kitu. Ukikiachia ndipo unasikia. Sasa dereva wa kreni mikono yake yote miwili iko kwenye vishikio vya mashine. Abane kitufe kwa mkono gani? Ndiyo maana tuna ujanja wetu, ambao sheria za kazi zinaukataza na kila dereva anautumia: kipande cha mpira wa baiskeli. Mzigo ukiwa mgumu na unataka kuongea huku unaendesha, unauvisha mpira juu ya kitufe, unaongea, ukimaliza unauvua.

Unauvua. Hapo ndipo penye kazi.

*

Saa nne asubuhi tulinyanyua fungu kubwa la nondo kwenda ghorofa ya kumi na nne. Nikavisha mpira. "Nakuja kulia... nashusha... pokea." Mzigo ukatua salama. Simu ikaita hapohapo.

Alikuwa daktari. Ni mama mtu mzima, ananiita mwanangu, na anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia maneno. Nikaiweka simu kwenye spika, nikaiegemeza kando ya redio.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Daktari, hakuna mtu unayemjua aliye peke yake kuliko mimi."

"Vizuri. Majibu yamekuja. Mbegu zimepungua zaidi ya mara ya kwanza, na zinazokwenda mbele ni kidogo sana. Hilo nililitegemea. Jipya ni homoni."

"Homoni gani?"

"Inaitwa kotisoli. Mwili unaitoa mtu akiwa kwenye hatari, ili apate nguvu ya kupigana au kukimbia. Ni nzuri, hatari ikipita inashuka. Yako haishuki. Iko juu kwenye damu, na iko juu hata kwenye majimaji yenyewe ya uzazi."

Nikacheka, kile kicheko cha kukosa la kufanya. "Yaani hofu imeshuka mpaka huko?"

"Mpaka huko. Mbegu zako zinaogelea humo."

"Kwa hiyo ndiyo inayoziua."

"Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Watafiti wenyewe bado wanabishana. Inawezekana inachangia. Inawezekana kuna jingine ambalo hatujaliona. Sikuahidi kwamba ukitulia leo, kesho unaitwa baba. Lakini mwili huu unaishi kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa kila siku. Sasa niambie. Unaogopa nini?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni ile "mwanangu." Labda ni begi. Miaka mitatu hakuna aliyeniuliza swali hilo.

"Naogopa kazi yangu," nikasema. "Naogopa juu. Napanda nimefumba macho, daktari. Kila siku nikishika ngazi najua leo ndiyo leo."

"Endelea."

"Na namwogopa mke wangu."

"Anakupiga?"

"Angenipiga ningeshukuru. Nilimdanganya. Ile karatasi ya kwanza nilimwambia niko sawa. Mama yangu anamwita tasa asubuhi, mchana, jioni, na mimi naendelea kula. Leo saa tisa anapanda basi kurudi kwao. Mwenye kasoro ni mimi, anayeondoka ni yeye."

"Na unamwachia aende?"

"Nikisema ukweli nitabaki nani? Huku wananiita Mwewe, daktari. Nyumbani mama ananiita dume. Nikiwaambia, nabaki mtu mwoga asiye na mtoto."

"Umeniambia mimi," daktari akasema. "Maneno ni hayohayo. Karudie kwa mwenye haki ya kuyasikia."

Akakata simu.

*

Nilijifuta uso. Ndipo nikagundua kwamba kuna ukimya.

Mashine ya zege haizunguki. Nyundo hazigongi. Mahali pale hapajawahi kunyamaza saa za kazi tangu msingi ulipochimbwa.

Nikajua kuna ajali. Nikajilazimisha kutazama chini. Kofia zote za njano zilikuwa zimeinamishwa nyuma na nyuso zinanitazama. Mafundi wa mbao. Wapiga plasta. Mlinzi wa geti. Na katikati ya uwanja shemeji yangu, mikono juu ya kichwa ameikunja msalaba, ishara yetu ya *simamisha kila kitu*. Sijui alikuwa ameishika hivyo kwa muda gani.

Nikatazama redio.

Mpira ulikuwa palepale, umekibana kitufe vizuri kabisa.

Loo! Nikauvua kwa kucha. Redio ikakoroma, kisha sauti ya msimamizi ikaja, ya upole sana, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mwewe. Mwewe, unatusikia sasa?"

"Nawasikia."

"Sisi tumekusikia tangu 'uko peke yako.'"

Mtu mmoja alicheka redioni, akanyamazishwa. Mwingine akasema, "Pole, kaka." Hiyo pole iliniuma kuliko kile kicheko.

Kisha ikaja sauti ya shemeji yangu.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Ile Jumanne. Ule haukuwa mkojo?"

"Haukuwa mkojo."

"Uliniambia nikishike kisipoe. Nilikiweka kwapani, shemeji!"

Hapo uwanja mzima ulilipuka. Nilisikia vicheko bila redio, vinapanda vyenyewe mpaka juu. Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Miezi saba," alisema, na vicheko vikafa. "Dada yangu anakuja kwangu kila Jumapili. Anakaa, anashona vifungo vya shati langu, haongei. Namuuliza una nini, anasema hana kitu. Nikadhani kweli anaumwa. Mwanzoni nilimpeleka kwa wataalamu watatu mimi mwenyewe, shemeji. Wamemchoma sindano. Na wewe nakufungia mizigo kila siku, tunaitana ndugu."

Nilibana kitufe nijibu. Nikakiachia.

"Zima mashine," msimamizi akaingilia. "Samahani, Mwewe. Mtu anayefumba macho hawezi kupitisha nondo juu ya vichwa vya watu. Zima, ushuke, tuzungumze ofisini."

Alikuwa na haki. Nikazima.

Nikafungua mlango wa kibanda, nikatoa mguu mmoja, nikagusa kidato cha kwanza. Nikafumba macho nihesabu. Safari hii hesabu haikuja. Nilisema moja, nikasema moja tena. Nikarudi ndani nikaketi sakafuni.

"Siwezi," nikasema kwenye redio.

Kila mtu alisikia na hilo pia.

*

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Waliniacha. Walikula, wakalala kidogo kivulini, mmoja mmoja ananitupia jicho. Msimamizi aliniambia nipumue, nijaribu tena baadaye. Nilijaribu mara tatu. Mara zote mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani.

Saa nane na robo nikaona gauni la kijani getini.

Aliburuta begi mpaka kwa mdogo wake. Nikaona shemeji anaongea kwa mikono, ananionyesha juu, anajipiga kifua, anashika kichwa. Mke wangu alisikiliza bila kusogea. Alipomaliza, mke wangu akanyoosha mkono. Shemeji akampa redio.

Sikuwa tayari. Ningepewa mwaka mzima nisingekuwa tayari.

"Mume wangu."

"Mke wangu."

"Kile kimpira kipo?"

"Nimekitoa."

"Basi nisikilize, usibane kitufe mpaka nimalize. Vua kofia yako."

Sikuelewa. Nikavua.

"Inua sponji."

Tangu siku niliyoificha ile karatasi sikuwahi kuigusa sponji hiyo. Niliogopa hata kuitazama. Nikaiinua kwa kidole. Karatasi ilikuwepo, lakini mimi niliikunja mara nne nikaisukumiza. Hii ilikuwa imekunjwa mara tatu, sawasawa, pembe kwa pembe, vile mke wangu anavyokunja sare kabla ya kuzipeleka shuleni.

"Usitazame karatasi," alisema. "Tazama mshono."

Pale sponji ilipokuwa imechanika palikuwa pameshonwa. Mshono mdogo mdogo, safi, kwa uzi wa buluu. Uzi wa sare. Nikakumbuka kwamba ile kofia ilikuwa inanikwaruza paji la uso, na siku moja ikaacha. Iliacha tu, sikujiuliza kwa nini.

"Ni mwezi wa tano sasa," alisema mke wangu. "Niliiona kofia imechanika nikataka kukushonea kabla hujaamka. Nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikaikunja, nikairudisha, nikashona. Nikasema atanieleza mwenyewe. Nisimvunjie heshima, atanieleza."

Redio ikanyamaza. Nikabana kitufe.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza kila siku. Nilikuuliza habari za kazi, ukasema salama. Nilikuuliza mbona huli, ukasema umeshiba. Mama yako ananiita tasa mbele yako, nakutazama wewe, simtazami yeye. Nikadhani ipo siku utachoka kunisikia natukanwa. Hukuchoka."

"Mke wangu..."

"Leo nimeweka begi chini pale mlangoni. Nikasema moyoni, leo anasema. Ukanitajia zipu."

Akawageukia watu wote wale wenye redio.

"Sikilizeni wote, maana nasikia mmeshasikia mengi," aliendelea. "Mimi siondoki kwa sababu ya mbegu. Watu wanaishi wawili na wanacheka. Naondoka kwa sababu kwenye nyumba ile naishi peke yangu na mume yumo ndani."

Nililia. Sina sababu ya kuwaficha nyinyi. Nililia kwa sauti, na kitufe nilikuwa nimekibana, kwa hiyo walisikia.

"Na hilo la kuogopa juu," alisema, sauti imelegea kidogo, "hilo sikulijua. Hilo ungeniambia ningekupandisha kila asubuhi mpaka kidato cha mwisho. Ningekushika shati."

"Samahani. Niliona utanidharau."

"Shuka."

"Siwezi. Miguu imekataa."

Msimamizi akaingia, akasema atatuma vijana wawili na mikanda wanifuate. "Waache," mke wangu akamwambia, na msimamizi yule mwenye sauti ya tarumbeta akanyamaza. "Asipande mtu. Mume wangu, basi ni saa tisa. Mimi nimekufuata miaka sita. Leo sipandi kukufuata. Nipo hapa chini mpaka nitakapochoka."

*

Nikavaa kofia. Mshono ukanigusa paji la uso.

Redio na simu nikaviacha juu ya kiti. Nilitaka mikono yote miwili, na nilitaka mifuko mitupu, maana chochote ambacho kingenigonga pajani wakati ule kingenifanya nijiachie.

Nikatoa mguu. Nikatoa na wa pili. Na nikaacha macho wazi, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Nilisema kama nitaanguka, angalau nianguke namtazama.

Moja. Mbili. Tatu.

Chuma kilikuwa cha moto. Nilikikumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mama. Kumi na tisa. Ishirini. Niliongea peke yangu, kwa sauti: mwenye tatizo ni mimi, mke wangu, mwenye tatizo ni mimi, niliogopa. Nilikuwa nayafanyia mazoezi. Hamsini. Sitini na tatu. Goti la kushoto likagoma, nikalisubiri, likakubali.

Sasa jueni kwamba ngazi yetu iko ndani ya mnara wa kreni, upande wa nyuma, usioonekana vizuri kutoka uwanjani. Kuanzia kidato cha arobaini hivi, ukihesabu kutoka juu, kuna wavu mzito wa kijani wa kuzuia vumbi, umezunguka jengo na mnara. Wewe uliye ndani, ukiweka jicho kwenye tundu, unaona nje. Aliye nje hakuoni.

Nilifika kidato cha tisini. Kuna kijukwaa pale, cha kupumzikia. Nikaweka jicho kwenye tundu la wavu. Nikamwona. Gauni la kijani, begi miguuni, anatazama kule juu kwenye kibanda. Anatazama kiti ambacho siko.

Akainua redio mdomoni.

Na juu yangu, mbali, ndani ya kile kibanda cha vioo, nikaisikia sauti yake ikitoka. Nikasikia kwamba anaongea. Maneno sikuyapata, upepo uliyachukua. Aliongea kwa muda. Mara moja alisimama, akajifuta jicho kwa kiganja, akaendelea.

Kisha akaachia kitufe, akasubiri.

Nilielewa nikiwa nimeganda pale. Ameniuliza kitu. Ameniuliza mbele ya watu wote, na anadhani nimekaa kwenye kiti changu namsikia, na nimenyamaza. Kama kawaida yangu.

"Nipo hapa!" nilipiga kelele. "Nipo kwenye ngazi! Nashuka!"

Wavu ukapepea tu. Chini hakuna aliyegeuka.

Vidato tisini kurudi juu, nikajibu swali nisilolijua. Vidato mia na ishirini na sita kwenda chini, na mimi hivi tisini vimenichukua robo saa.

Akainua redio tena. Safari hii alisema neno moja, au mawili, si zaidi. Akasubiri.

Nikaweka mguu kwenye kidato cha tisini na moja, macho wazi, nikitazama kupitia tundu. Mke wangu alimrudishia mdogo wake redio. Akainama, akakagua zipu ya begi lake, akaifunga vizuri mpaka mwisho.